Helmeti ya Manjano

Jumatatu tarehe 7 Oktoba 2024, Danson Mwakio, dereva wa kutoka Voi, Kenya, anayefanya kazi Jeddah, Saudi Arabia, aliweka picha ya abiria wake kwenye status ya WhatsApp. Akaandika chini yake: "Happy birthday injinia wangu. Mungu akuzidishie." Kwao Voi, siku ya kuzaliwa ya mtu wa maana haipiti hivi hivi; usipomwekea status, watu watasema una kinyongo.

Abiria huyo, Lau, ni mzaliwa wa Hong Kong. Yuko Bandari ya Jeddah, anasimamia kreni za kampuni moja ya China Bara, ambayo ndiyo iliyomwajiri Danson pia. Picha hiyo Lau mwenyewe ndiye aliyemtumia Danson walipokuwa wamekwama kwenye foleni wakikumbushana ujana. Humo Lau amevaa helmeti ya manjano, barakoa imeshushwa kidevuni, na nyuma yake kumetanda kitu kama vumbi. Danson aliona mtu wa mjengo.

Meneja wa kampuni, Bwana Zhou, alipoifungua status hiyo aliona moshi wa mabomu ya machozi. Mwaka 2019 vijana wa Hong Kong, jiji la China lenye mamlaka yake ya ndani, waliandamana kupinga mswada wa kuwapeleka watuhumiwa wakahukumiwe Bara. Helmeti za manjano kama ile ziliwakinga na virungu vya polisi.

"Nani alikupa hii?" Zhou aliuliza mchana huo.

"Niliitoa Facebook," Danson alidanganya, asimtaje Lau.

"Nionyeshe."

Danson alitoa simu, akapekua Facebook bila kuipata. Zhou akamkumbusha kwamba ikama yake, yaani kibali cha kuishi Saudia, inaisha mwezi ujao, na kafili wake, yaani mdhamini wa kibali hicho, ni kampuni. Jumapili, wiki ya kazi ya huko ikianza, alete jibu la kweli. Lau, kwa upande wake, angerudishwa makao makuu China Bara Alhamisi, "kwa mafunzo", na Danson ndiye angempeleka uwanja wa ndege.

Jioni alimpigia dada yake Fridah, mfanyakazi wa nyumbani katika mtaa wa Al-Safa, humo humo Jeddah.

"Wewe na status zako," Fridah alisema. "Hata kuku wa mama akitaga utapost."

"Nilidhani ni ya mjengo."

"Sasa ikama ikikataliwa, usinitume kwa madam wangu akuombee. Hakuna, mafi." Kisha akauliza, "Na huyo mtu amewahi kukukosea?"

"Hajawahi."

Alhamisi Lau alitoka na begi moja. Walipokaribia barabara ya uwanja wa ndege, alisema, "Nikipanda ile ndege, sijui kama nitatoka tena China. Nina pasipoti ambayo Uingereza huwapa watu wa Hong Kong, na ubalozi wao uko Riyadh. Nishushe kituo cha mabasi."

"Nimeambiwa airport."

"Najua. Ukinipeleka huko sitakulaumu."

Danson alipunguza mwendo. Akasema, "Ungeniambia ile si helmeti ya kazi."

"Nilidhani unajua. Dunia nzima ilikuwa inatazama."

"Mwaka huo sisi tulikuwa tunatafuta kazi, injinia."

Lau alicheka kidogo, akageukia dirishani. Kwenye njia panda, Danson akawasha indiketa na kuacha barabara ya uwanja wa ndege.

Basi la Riyadh liliondoka Lau akiwa ndani. Gari la kampuni lina kifaa kinachorekodi kila kona, kwa hiyo hakuna uongo wa kutunga. Jumapili asubuhi Danson ataingia ofisini kwa Zhou na kumwambia alikomshusha Lau, hata ikama ikikataliwa; kufikia hapo Lau atakuwa ameshafika Riyadh.