Faworki za Mkono Mmoja

Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kushoto, wifi yangu Wiesława alichoka kuambiwa apumzike. Alhamisi ya Mafuta ilipofika, siku tunayokula vya kukaanga kabla ya Kwaresima, nilimpelekea faworki za dukani, vile vitepe vya unga vilivyosokotwa na kukaangwa.

"Hizo kawape kuku, wifi," akasema. "Nyumba hii hainunui faworki, na haitaanza nikiwa hai."

Akatia kwenye unga kijiko cha spiriti, pombe kali, ili usinywe mafuta, akakanda, kisha akalipiga donge kwa mti wa kusukumia nusu saa nzima. Jirani wa chini akatugongea dari yake.

"Gonga tu, baba, tupige pamoja!" akamjibu.

Akalisukuma mpaka maua ya kitambaa cha meza yakaonekana chini yake, akalikata vipande vyenye tundu katikati. Kazi ikawa kupitisha ncha ya kila kipande kwenye tundu lake. Nikanyoosha mkono kumsaidia.

"Rudisha!"

Akakibana kipande kwa kiwiko, kikakatika. Cha pili vilevile. Cha tatu akakikandamiza kwa sahani, akavuta ncha, ikapita. Mafutani kikatoka malengelenge, akakitafuna kikalia kacha.

"Bado sitini," akasema. "Wewe nyunyiza sukari, na mikono yako ikae mbali na matundu yangu."