Verlene Atafuta Mkopo wa Nyumba

Verlene Tubbs, dereva wa basi la shule mjini Dayton, alikaa miaka kumi na tisa katika nyumba ile ile ya kupanga. Kodi aliilipa taslimu kila tarehe mosi, mkononi mwa mwenye nyumba, Mzee Kessler, aliyeifuata mwenyewe. Siku hiyo ikiangukia Jumamosi, mzee alimkuta Roscoe, mume wa Verlene, akiwanyoa wanaume wa mtaa kwenye kibaraza cha nyuma, naye akapanga foleni kama wengine. Akishanyolewa, aliandika risiti kwa penseli ya useremala, kisha akaondoka na kipande cha mkate wa mahindi.

Roscoe alitangulia kufa. Miaka mitatu baadaye mzee naye akafariki, na binti yake Ingrid akaja kubisha hodi.

"Nyumba nauza, Mama Tubbs. Baba angependa uichukue wewe. Nitakusubiri mpaka shule zifungwe mwakani."

Benki walimsikiliza kwa adabu, wakamkatalia. Verlene alipeleka kilio chake kwa Odessa, mwenzake wa kwaya, aliyestaafu kazi ya mikopo. Odessa akaitisha taarifa zake za mikopo, akavaa miwani.

"Shoga, huku wewe hujazaliwa. Huna kadi, hujawahi kukopa hata friji."

"Mama yangu alinifunza kununua kwa pesa iliyo mkononi."

"Basi benki hawakumjua mama yako. Halafu kuna hii hapa. Gari la wagonjwa, dola mia sita na arobaini, haijalipwa."

Gari lile ndilo lililombeba Roscoe. Ile miezi baada ya mazishi Verlene hakufungua barua hata moja. Zote alizitia kwenye mfuko na kuusukuma chini ya kitanda. Jioni ile aliutoa, akakaa sakafuni. Kati ya bili zilikuwemo kadi za rambirambi, na moja iliandikwa kwa penseli nene: "Mumeo alininyoa vizuri kuliko kinyozi yeyote. Kodi ya mwezi huu usijali. Kessler." Verlene aliisoma mara mbili. Mwezi ule alikuwa amelipa kama kawaida, na mzee alizipokea pesa bila kusema neno, labda asimwaibishe.

Deni la gari la wagonjwa alilimaliza kwa miezi mitano, akadai barua ya kuthibitisha. Odessa akamfungulisha kadi ya mkopo ya benki, ile unayoiwekea kwanza dola mia tatu za dhamana.

"Tia mafuta tu. Ikija bili, lipa yote. Ukinunua viatu nitajua."

"Na kama vimeshushwa bei?"

"Hata wakivigawa bure."

Aliona ajabu kukopa petroli ilhali pesa anayo mkobani, ili watu asiowajua waseme ni mwaminifu. Alikumbuka siku ambazo uso wa mtu ulitosha. Lakini alilipa, mwezi baada ya mwezi. Ingrid naye akapekua madaftari ya baba yake, akaiandikia benki kwamba mpangaji huyu hajachelewesha kodi hata siku moja. Risiti za umeme na maji zikaongezwa juu yake.

Mwezi wa kumi na nne tangu Ingrid abishe hodi, benki wakakubali. Verlene alitia saini kurasa nyingi mpaka vidole vikauma, akapika mboga na nyama ya nguruwe, akamwita Odessa, wakala pamoja.

Wiki iliyofuata mtambo wa maji moto ulizimika. Verlene alishika simu, na kidole kikaanza chenyewe kubonyeza namba ya Mzee Kessler. Alifika tarakimu ya nne ndipo akakumbuka. Alizifuta namba, akampigia Odessa kumuuliza kama anamjua fundi bomba asiye mwizi.