Mashuka ya Mama wa Mapacha

Mlezi wa nyumba yetu ya hifadhi hagombani na mwanamke anayerudi kwa mume aliyempiga. Huwafunga watoto vifungo vya sweta, huwasindikiza wote hadi getini, na kusema kwa sauti yake ya kukwaruza, "Haya mwanangu, njia unaijua." Mashuka yao hayafui. Huyakunja na kuyapandisha juu ya kabati, ili watoto wakirudi walale penye harufu waliyoizoea. Tunamtania kwamba amefungua duka la mashuka machafu, hajali. Na kweli wengi wao hurudi.

Jana polisi walipiga simu kutuambia kwamba yule mama wa mapacha, aliyekuwa amerudi kwa mumewe, hatunaye tena. Mlezi alipanda kiti, akayashusha mashuka yao. Nilimkuta uani akiyafikicha kwenye beseni.

"Mama, yameshatakata."

Akamwaga maji, akachota mengine, akaanza upya.