Njia ya Mayu Holo Kwenda Ziwani

Ile siku niliyokutwa na shoka mkononi bado naikumbuka, mwanangu, ingawa ni miaka ya tisini hiyo na wewe hukuwa umezaliwa. Nilikuwa kijana wa Ngokolo, mjini Shinyanga, nimekwenda Geita kutafuta dhahabu kama wengine. Kwenye duara letu, yaani shimo tulilokuwa tukichimba, kuta zilianza kumomonyoka. Yalihitajika magogo ya kuzizuia zisituangukie. Nikajitapa mbele ya wenzangu: "Niachieni mimi. Kesho mtayaona hapa."

Nilijua pa kuyapata. Kati ya kijiji cha mdogo wake bibi yangu na Ziwa Victoria palikuwa na ngitili, eneo ambalo wanakijiji walilifunga ili miti ya asili ichipue tena. Nikaingia asubuhi, kimya kimya. Nilikuwa nimeshaangusha mininga miwili niliposikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Alikuwa ni huyo huyo mdogo wa bibi yangu, Mayu Holo. Mayu kwetu Wasukuma ni mama, na kijiji kizima kilimwita hivyo. Mwembamba, kanga kiunoni, ndoo kichwani.

"Shikamoo, Mayu," nikasema huku nikilificha shoka mgongoni, kana kwamba shoka linafichika.

"Marahaba. Nikipiga yowe sasa hivi, walinzi wetu wa sungusungu watafika hapa kabla jasho lako halijakauka. Unajua?"

"Najua."

"Basi chukua shoka lako, unisindikize ziwani."

Nikamfuata. Njia ilikuwa nyembamba, inapinda hapa, inapinda pale. Nikamwuliza kwa nini hawakuinyoosha. Akanionyesha kisiki chenye machipukizi matatu. "Hiki tulikikuta kimechipua, tukazunguka. Mbele tukakuta kingine, tukazunguka tena."

Akanisimulia taratibu. Alipoolewa pale, miti ilikuwa imekwisha kwa kuni na mashamba ya pamba. Ukienda ziwani ulitembea juani mwanzo hadi mwisho, mtoto mgongoni analia kwa joto. Yeye na wanawake wenzake ndio waliosimama kwenye mkutano wa kijiji wakaomba sehemu ile ifungwe. Wanaume wenye ng'ombe waliwacheka. Wanawake hao hawakupanda mti hata mmoja. Walilinda visiki tu, mwaka baada ya mwaka, wakifukuza mbuzi na watu kama mimi.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi nilichokiona. Migunga imekutana juu ya vichwa vyetu, chini ni ubaridi na harufu ya majani. Kwale wanakimbia mbele yetu. Mahali fulani Mayu Holo aliinama, akasogeza majani, akachota maji kwa kiganja akaninywesha. Chemchemi iliyokufa zamani ilikuwa imerudi. Halafu ghafla miti ikaachana, ziwa lote likawa mbele yetu, linametameta. Nimetembea kwingi tangu hapo. Njia nzuri kama ile sijaiona.

"Haya," akasema, akitua ndoo. "Rudi ukakate iliyobaki. Mimi mzee, siwezi kukushika."

Nilishindwa kumtazama. "Mayu, wenzangu watafukiwa."

"Wenzako nao ni watoto wa watu. Kwa nini hukuuliza? Nyuma ya ofisi ya kijiji kuna mikaratusi tuliyoipanda makusudi ikatwe. Ungebisha hodi tu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Mchana ule nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti, nikakiri. Viongozi wa kijiji wakanipa adhabu ya kulinda ngitili wiki tatu, na magogo ya mikaratusi yakapelekwa machimboni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Duara likasimama imara, wenzangu wakawa salama. Lakini nafasi yangu kule machimboni alipewa mwingine. Nilisikitika, sikatai, ila zile wiki tatu ndizo zilizonifanya mtu.

Basi nakuomba hivi. Ukikuta kitu kizuri na hakuna mtu karibu, usidhani hakina mwenyewe. Kuna mtu amekitunza tangu kabla wewe hujafika. Uliza kwanza. Shida yako hata iwe ya kweli namna gani, haikupi ruhusa ya kuharibu jasho la mwenzako. Na ukikosea, nenda ukaseme mwenyewe.

Mungu akutangulie kila uendako, mwanangu. Akupe subira, akupe watu wa kukurudi kwa upole, na uishi uone matunda ya mikono yako.