Kofia Iliyokazwa

Mwaka niliohitimu chuoni, nikiwa nimemaliza msahafu na kile kitabu chembamba cha fikihi, cha sheria za ibada, nilikuwa msichana asiyeweza kutawadha bila kujiuliza mara tatu kama maji yamefika kwenye viwiko. Nyumbani waliniita Bi Mwalimu, kwa kejeli. Mtu akipiga chafya, mimi nilianza kuwaza maradhi, sanda, na nani atamlisha paka wake.

Basi shangazi yangu, aliyekaa nasi karibu na barabara ya Ndia Kuu, alinipa kazi ya kuwaza ya wiki nzima. Alikuwa mcheshi kuliko wanawake wote wa mtaa, na kwenye lelemama, ngoma yetu ya wanawake, hakuna aliyemshinda kujibu vijembe. Ghafla akaacha. Akawa habebi ndoo, hapandi toroli la abiria, lile la kusukumwa relini, kwa kuwa "linarusha", hanywi maji hata jua likiwa kali, na anabadilisha leso mara nne kwa siku. Mtu akianza kisa cha kuchekesha, yeye huondoka kabla hakijafika mwisho. Nikakata shauri: ama ana pepo, ama ana wasiwasi wa twahara na udhu kama mimi, ama ametuchoka.

Ubaya ni kwamba binti yake mkubwa alikuwa aolewe baada ya miezi mitatu. Siku ya lelemama, mama wa bibi harusi hupanda juu ya benchi mbele ya wanawake wote, akajibizana na mama wa bwana harusi. Shangazi akasema yeye atabaki jikoni. Asipopanda, upande wa pili watasema hamtaki mkwewe, na aibu itamwangukia binti.

Jawabu nililipata kwa bahati. Tulikuwa ukumbini, yeye akishona kofia ya bwana harusi, kazi ya kuzungushia uzi vishimo vidogo vidogo, mamia kwa mamia. Ili kumchangamsha, nikaiga mwendo wa mama wa bwana harusi, mwanamke mnene aliyetembea kama amebeba sinia la mayai kichwani.

"Acha, mwanangu," alisema. "Utanikojoza."

"Kila mtu husema hivyo, shangazi."

"Mimi sisemi tu."

Nikaiga tena, na safari hii nikaongeza namna anavyoketi. Shangazi alicheka mpaka sindano ikamdondoka, kisha akainuka, na kwenye mkeka pakabaki alama ya maji. Nilidhani ni sharubati. Nikaitafuta bilauri. Hapakuwa na bilauri.

Maisha yetu yote tumesema "nimecheka hadi nikajikojolea", na siku mtu alipoyasema maneno yale yale kwa kweli, tulimsikia akifanya mzaha.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu mtoto wa sita. Chafya, kikohozi, kicheko. Kwanza tone. Sasa..." Akautazama mkeka. "Nitapandaje benchi?"

Nilikimbilia kitabu changu, nikarudi nikihema kumwambia kwamba hana dhambi: aoshe, atawadhe upya, aswali.

"Ahsante, Bi Mwalimu," alisema. "Lakini benchi haliswali."

Kesho yake tukaenda kwa mkunga aliyemzalisha mara zote sita. Tulikwenda kwa miguu, polepole, mimi nikiwa nimeapa kutosema neno lolote la kuchekesha. Mkunga alisikiliza huku akimenya muhogo.

"Chini ya kibofu pana nyama zinazokishika," alisema, "kama kiganja kilichoshika kikapu kwa chini. Kuzaa kumezilegeza. Ukicheka, tumbo linasukuma kwa nguvu, na kiganja kimechoka."

"Kwa hiyo si pepo?" niliuliza.

"Pepo gani anayengoja mtu acheke?" Akamgeukia shangazi. "Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja. Uso uache, pumzi usiizuie. Shikilia, halafu legeza. Kila siku, wala usije baada ya wiki moja kunilaumu. Chafya ikikujia, kaza kwanza. Na maji unywe; kujinyima maji kunakichokoza kibofu."

Nikauliza akaze mara ngapi, ameketi au amesimama, na je akikaza upande mmoja tu?

Mkunga akanitazama. "Huyu ndiye mgonjwa?"

Tatizo likawa hesabu, shangazi akisahau kila mara. Nikapendekeza tasbihi, kisha nikatishwa na pendekezo langu mwenyewe, nikastaghafiru pale pale. Ndipo yeye akaitazama kofia. Kishimo kimoja, kaza mpaka uzi umalize kuzunguka. Kishimo cha pili, legeza. Mimi nikamshikia upande mmoja, nami nikikaza kwa hofu yangu, ingawa sikuwa nimezaa hata paka.

Baba akapita akatuona kimya, macho yametutoka. "Mnaumwa na meno nyote wawili?"

"Ni kofia ya mkwe, ndugu yangu," shangazi alisema. "Ina kazi."

Mwezi wa pili alipiga chafya juu ya pilipili, akaganda, akanigeukia kama aliyeokota lulu. "Kavu," alinong'ona. Tukarukaruka jikoni, yeye akikaza kila anaporuka.

Siku ya lelemama, alasiri, alipanda benchi. Mama wa bwana harusi aliigeuza kofia aliyokabidhiwa ili wanawake waione, na badala ya kijembe akatoa sifa.

"Mkwe, kusema kweli kofia hii imekazwa. Sijaona mtu wa kukaza hivi."

Nilificha uso ndani ya leso, nikaacha jicho moja. Niliona mabega ya shangazi yakishuka na pumzi ikitulia, nikajua anakaza. Kisha akacheka, kicheko kile cha zamani, benchi likitikisika. Mimi niliitazama miguu yake tu, kama anayengoja dari livuje.

"Na bado, mkwe," alijibu. "Hujaniona nikilegeza."

Uwanja mzima ulicheka bila kujua unacheka nini.

Ngoma ilipotua nikamfuata jikoni. "Je?"

"Tone moja. Kitambaa kimelimeza. Kukaza kwa vishimo vya kofia kumenifaa." Akanywa bilauri nzima ya maji. "Narudi benchini."

Mlangoni alisimama mama wa bwana harusi. Sikujua amesikia kiasi gani. Nikawaza ndoa ikivunjika, nami nikitimuliwa mjini. Akaurudisha mlango nyuma yake, akasogea kwa hatua zake zile za mayai kichwani, na hapo tu ndipo nikauelewa ule mwendo niliouiga.

"Mkwe," alisema chinichini, "mimi nimezaa tisa. Hiyo kofia ina vishimo vingapi?"