Bei ya Haki ya Nyumba ya Fundi

Mshahara wa ualimu ulipokatika, niligeuka komisioneri: ukitaka kupangisha nyumba au duka hapa Likasi, ulinitafuta nikuambie kodi ya haki. Sitajishusha, kazi niliijua. Sikumsikiliza mwenye nyumba wala mpangaji, maana wote wawili husema uongo. Nilifungua bomba nione kama maji yanatoka, nikatazama bati, nikatikisa kila mlango, kisha nikauliza majirani watatu wao wanalipa nini. Tulipanga bei kwa mifuko ya unga, kwa sababu noti za asubuhi jioni zilikuwa karatasi tu. Nikishatamka, watu hawakubishana.

Jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa na nyumba nzuri: duka mbele, vyumba vinne nyuma. Alizaliwa Likasi, lakini baba yake alitoka Kasai, na miezi ile jambo hilo lilikuwa limegeuka kosa. Sokoni watu walisema waziwazi kwamba wenye asili ya Kasai warudi kwao. Wateja wakampungukia. Akaniita.

"Mwalimu, minye nataka kupangisha magazini ya hapa mbele, siye tutabakia ku vyumba vya nyuma. Unipe bei ya haki."

Nikazunguka na daftari langu. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo bovu, kufuli halikuwapo. Nikapunguza nusu mfuko. Mkewe akanicheka.

"Hata mulango unatupunguzia, Mwalimu?"

Nikamjibu kwamba ningepunguza hata kwa mende, kama ningewaona.

Wiki mbili zikapita, hakuna aliyekuja kuuliza. Barabara yetu iko karibu na soko. Kwa kawaida duka la namna ile halikumaliza siku tatu bila mtu. Badala yake niliona wanaume wakipita polepole, wakitazama bati, wakihesabu madirisha, kisha wakienda zao bila kubisha hodi. Niliogopa, na sikujua naogopa nini. Hapana, nilijua.

Jumatano moja, baada ya maombi, mtu niliyezoea kusali naye alinifuata nje.

"Ile nyumba ya fundi, bei yake ni ngapi?"

"Anapangisha magazini tu."

"Nyumba yote, Mwalimu. Tuseme yeye hayiko."

Ningeweza kuondoka. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali la kazi yangu, na kiburi kikanipanda. Nikamtajia yote kama mwanafunzi mbele ya ubao: vyumba vinne, bati zima, maji ya asubuhi, mlango wa nyuma hauna kufuli. Akanishukuru kwa adabu sana. Nilifika nyumbani, lakini sikuvuka barabara kwenda kumwonya fundi. Sikutaka nionekane nikiingia kwake.

Jumapili fundi na watu wake walikwenda kanisani. Waliporudi, walikuta cherehani na magodoro barabarani. Mlango wa nyuma ulikuwa umesukumwa, na yule mtu wa maombi amekaa dukani na ndugu zake, panga mapajani. Mimi nilitazama kupitia dirisha langu.

Siku ya tatu nilikwenda stesheni, ambako waliofukuzwa walikuwa wamejaa kando ya reli wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Nilibeba unga kidogo, na nilikuwa nimeamua kumwambia fundi kila kitu. Alinikumbatia kabla sijafungua mdomo. Akatoa mfukoni ufunguo wa duka.

"Iyi mambo itapita, Mwalimu. Bakitoka mule, utafute loketeri muzuri wa kupanga magazini. Bei weye mwenyewe utaamua. Mu Likasi yote, minye sina muntu mwingine wa kuamini."

Watoto wake walikuwa wakinitazama. Nilinyoosha mkono, nikaupokea.

"Ndiyo, papa," nikasema.