Insha Iliyomuua Baba

Kila nikipita korido ya ofisi yetu hapa London ikiwa imetoka kupigwa deki, harufu ya ile dawa yenye ndimu hunirudisha jikoni kwetu Tottenham. Ndiyo harufu aliyorudi nayo baba kila asubuhi. Kule kwetu Bukavu alikuwa mwalimu wa hesabu. London alisafisha maofisi.

Kichaa cha Marekani alinitia yeye. Alivisifu vyuo vya kule kana kwamba alivijenga kwa mikono yake: mwanafunzi anaanza na fizikia, akipenda anahamia muziki, profesa anabishiwa na hanuni, mtoto wa maskini, wakimtaka, wanamlipia mpaka chakula.

"Hapa banauliza pointi," alisema. "Kule banauliza weye ni nani. Njo maana dunia yote inakimbilia kule."

Na kweli, nilipoomba chuo nikiwa na miaka kumi na saba, fomu iliniuliza mimi ni nani. Jamani, ningejibu nini? Nina baba mzima wa afya, anadeki, anapenda ugali kwa sombe, kile kisamvu chetu. Nani angelia kwa hayo? Basi nikamuua. Niliandika kwamba alifia vitani nikiwa mdogo, nikamtungia na maneno ya mwisho, mazuri kweli.

Kifaransa baba alikijua sana, ila Kiingereza cha kusoma kilimpiga chenga.

"Mutoto wangu, nisomee. Uliandika nini juu yangu?"

Nikamtafsiria uongo wa pili, kwamba yeye ndiye shujaa wangu. Alifuta macho kwa kiganja, akaikunja karatasi ile ya insha na kuiweka ndani ya Biblia.

Nilikubaliwa, nikalipiwa kila kitu. Niliporudi likizo ya kwanza nikakuta baba ameanza darasa la Kiingereza, na kitabu chake ni karatasi yangu. Juu ya kila neno gumu alikuwa ameandika maana kwa Kifaransa, kwa penseli. Penseli ilifika mpaka kwenye kifo chake. Mistari iliyofuata hakuigusa.

Yeye alinipakulia sombe, akauliza kama maprofesa wanabishiwa kweli. La karatasi hakulitaja.

Nilidhani kule walitaka kisa cha kuliza watu. Nilichelewa kuelewa kwamba jibu la swali lao lilikuwa limekaa mbele yangu, linanukia ndimu.

Baba yuko hai. Kila Jumapili naenda kwake nimejiandaa kumwomba msamaha, na kila Jumapili narudi na kopo la sombe.